Njia Nyembamba, Wasafiri Wengi

Bibi yangu mzaa mama ana sanduku la bati ambalo hamfungulii mtu hovyo. Ndani yake, chini ya kanga na vyeti vya zamani, kuna kipande cha karatasi kilichogeuka rangi ya chai. Ni simu ya maandishi aliyoipokea Dar es Salaam wakati wa masika ya 1974, kutoka kwa kaka yake aliyekuwa Lindi. Ukiondoa jina na anwani, maneno yaliyobaki ni matatu tu: MAMA MGONJWA NJOO.

Bibi hakuuliza ugonjwa gani. Siku zile kila mtu alijua kuzisoma simu za namna hiyo. Mgonjwa wa kwenye simu mara nyingi alikuwa ameshakata roho, ila hakuna aliyetaka kumwangushia mwenzake msiba katikati ya safari. Akajifunga kanga, akaazima nauli, akapanda basi la kusini. Alipofika Ndundu akakuta Mto Rufiji umefurika na pantoni haivuki. Wakalala kando ya mto siku mbili. Alipoingia Lindi, hitima ilikuwa imekwisha kusomwa.

Miaka mingi baadaye kaka yake alimweleza kuwa siku ile, pale dirishani posta, alikuwa na neno la nne. Hakuliandika kwa sababu fedha haikutosha. Jina la mpokeaji na anwani navyo vilihesabiwa, kwa hiyo mpaka uanze kusema lako, fedha imeshakwenda. Neno lenyewe nitalitaja huko mbele. Kwa sasa nataka tuulize swali moja: kwa nini neno moja, tena fupi, liwe ghali hivyo?

Jibu la haraka ni kwamba njia ilikuwa nyembamba. Waya ni mmoja, wanaotaka kuutumia ni wengi. Lakini jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nimesoma habari za nyaya na mitambo kwa muda sasa, nami nimeona kuwa historia ya mawasiliano si historia ya kupanua njia tu. Ni historia ya kupangana njiani: nani apite, nani angoje, na gharama ya kungoja aibebe nani. Na mambo hayo, ndugu msomaji, hayakuamuliwa na mafundi peke yao.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu huo upana. Njia ya mawasiliano, iwe waya, iwe mawimbi ya redio, ina kipimo cha alama inazoweza kupitisha kwa sekunde. Siku hizi alama hizo huitwa biti, na kila biti ni kama jibu la ndiyo au hapana. Herufi moja kwa kawaida hula biti nane. Ukijaribu kuzipitisha alama upesi kuliko uwezo wa njia, hazifiki haraka zaidi, bali zinapandana na kuvurugana, mpokeaji asijue kipi ni kipi.

Wazee wa nyaya za baharini waliligundua hilo kwa uchungu. Mwaka 1858 waya wa kwanza ulilazwa chini ya Atlantiki, na Malkia Victoria akamtumia salamu Rais Buchanan wa Marekani. Salamu ile, yenye maneno yasiyofika mia moja, ilichukua saa zipatazo 16 kupita. Waya mrefu uliozungukwa na maji ya bahari hushika umeme na kuuachia polepole, kama godoro lililolowa. Alama hutoka upande wa pili ikiwa imenyooka na kulegea, na ukituma nyingine kabla ya hiyo kwisha, zote mbili zinapotea. Waya wenyewe haukudumu hata miezi miwili.

Pwani yetu ilifikiwa na waya wa namna hiyo mwaka 1879, na sababu yake ilikuwa vita. Tarehe 22 Januari mwaka huo, jeshi la Wazulu lililishinda jeshi la Waingereza pale Isandlwana. London hawakupata habari mpaka tarehe 11 Februari, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa imeunganishwa kwa waya na Ulaya. Serikali ya Uingereza ilishtuka. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya kutoka Aden kuja Unguja, ukashuka Msumbiji, ukapita Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, hadi Durban. Kuanzia Aden, ujumbe ulifuata nyaya nyingine kupitia Bahari ya Shamu mpaka Ulaya.

Basi Unguja ikawa kituo. Enzi hizo Sultani alikuwa Seyyid Barghash. Majahazi yaliyokuwa yakingoja kaskazi na kusi sasa yalikuwa na jirani asiyengoja upepo. Lakini nani aliyeweza kupanda jirani huyo? Bei ilihesabiwa kwa neno, na ilikuwa bei ya serikali na ya matajiri wa karafuu na pembe. Mwenye shamba dogo, baharia, hamali, hao habari zao ziliendelea kwenda kwa jahazi na kwa mdomo.

Mfano wa wazi wa waya ule ulivyotumika ni wa mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri na kukikalia kiti. Balozi wa Uingereza, Basil Cave, akapiga simu ya maandishi London kuomba ruhusa ya kutumia nguvu. Ruhusa ilirudi kwa waya huohuo siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga kasri. Chini ya saa moja kila kitu kilikuwa kimekwisha, na watu wapatao 500 upande wa kasri walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Katika siku hizo mbili, waya mmoja mwembamba ulitosha kabisa kupitisha ruhusa ya kuua. Wembamba wa njia hauwaumi wote sawasawa. Anayepewa nafasi ya kwanza hata haujui.

Wafanyabiashara nao walitafuta namna ya kubana. Kwa kuwa walilipia neno, wakatunga vitabu vya mafumbo, ambamo neno moja la kubuni lilisimama badala ya sentensi nzima: kuhusu bei, kuhusu shehena, kuhusu meli iliyochelewa. Kitabu cha Bentley kilichotoka mwaka 1906 kilikuwa na mafumbo ya herufi tano tano. Ujanja wake ulikuwa kwamba kanuni za kimataifa zilihesabu hadi herufi kumi kuwa neno moja, kwa hiyo mtu aliyaunganisha mafumbo mawili, akalipia moja. Mwenye kitabu alisema mengi kwa senti chache. Asiye na kitabu alilipa kila neno kwa bei yake. Huo ndio ubanaji wa kwanza ulioandikwa na wenye nacho kwa faida ya wenye nacho.

Mafundi nao hawakulala. Walijiuliza: badala ya watu kubana maneno, je, waya wenyewe hauwezi kubeba zaidi? Mwaka 1872 Joseph Stearns wa Marekani alifanikisha mtambo wa kutuma ujumbe pande mbili kwa wakati mmoja katika waya mmoja. Mwaka 1874 Thomas Edison akafikisha ujumbe minne, miwili kila upande. Kampuni za simu zilifurahi mno, kwani kila ujumbe ulioongezwa kwenye waya wa zamani ni waya mpya usionunuliwa.

Mwaka huohuo wa 1874 Mfaransa Émile Baudot alisajili mtambo wenye fikra tofauti. Yeye hakuzichanganya simu, alizipa zamu. Kifaa kilichozunguka kiligusa meza ya karani wa kwanza, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, halafu kikarudi kwa wa kwanza. Kila karani alikuwa na vibonye vitano, naye alipaswa kubonyeza herufi yake kwenye zamu yake, akifuata mdundo uliogongwa na mtambo mbele yake, mara 180 kwa dakika. Akichelewa, zamu imempita. Waliokaa kwenye meza hizo walikuwa kama wapiga ngoma, mmoja akikosea hata wenzake wanasikia. Jina la Baudot limebaki hadi leo katika kipimo cha mwendo wa alama, yaani baudi.

Mpango wa Baudot ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa na kasoro moja. Karani asipokuwa na la kusema, zamu yake ilipita tupu. Njia nyembamba ikawa inabeba hewa, ilhali meza ya pili watu wamejazana. Kasoro hiyo ndiyo iliyowasumbua wataalamu kwa karne nzima iliyofuata.

Wa kwanza kuipatia hesabu alikuwa Mdenmark, Agner Krarup Erlang, aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: wateja wako wengi, laini ni chache, je, tuweke laini ngapi ili watu wasikasirike? Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiojuana hufuata kanuni ya bahati inayoweza kuhesabiwa. Mwaka 1917 akatoa fomula ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo.

Nilipoikokotoa fomula hiyo mwenyewe, nilikaa kimya kwa muda. Chukua mtaa mmoja ambao kwa saa moja watu wake hupiga simu 20 za dakika tatu tatu. Ukitaka simu zinazogonga mwamba zisizidi moja katika mia, unahitaji laini tano. Sasa chukua mitaa kumi ya namna hiyo. Kila mtaa ukijitenga na laini zake, zitahitajika 50. Lakini mitaa yote kumi ikitumia kundi moja la laini, zinatosha 18. Watu ni walewale, maongezi ni yaleyale, huduma ni ileile. Laini 32 zimeokolewa kwa sababu tu watu wamekubali kuchangia! Wahenga walisema umoja ni nguvu, nasi tumezoea kuitikia tu kama wimbo wa shuleni. Kumbe Erlang aliitolea hesabu.

Sababu yake si uchawi. Mtaa wa kwanza ukizidiwa, wa saba huenda umelala. Anayemiliki njia peke yake analipia pia saa zake za kulala. Wanaochangia wanalipia zile za kuongea tu.

Mwaka 1948 Claude Shannon, wa maabara za Bell huko Marekani, akaonyesha mpaka wa mambo yote haya. Alithibitisha kwamba kila njia ina dari yake, nayo hutokana na upana wa masafa yake na nguvu ya ujumbe ukilinganishwa na makelele. Chini ya dari hiyo unaweza kutuma karibu bila kosa, ukijua kuupanga ujumbe. Juu yake, huwezi, hata uwe fundi namna gani. Tangu hapo ikawa wazi kwamba ujanja una mwisho. Ukiifikia dari, yamebaki mawili: kuongeza njia, au kupeana nafasi.

Miaka minane baadaye, mwaka 1956, waya wa kwanza wa simu za mdomo ulifunguliwa chini ya Atlantiki, kati ya Scotland na Newfoundland. Ulianza na chaneli 36 tu kwa mabara mawili. Hapo ndipo mafundi wakaanza kuzisikiliza simu za watu, si maneno yao, bali ukimya wao. Wakakuta kwamba katika maongezi ya watu wawili, kila mmoja huongea chini ya nusu ya muda. Anasikiliza, anavuta pumzi, anatafuta neno. Mwaka 1960 ukafungwa mtambo ulioitwa TASI, ambao mtu aliponyamaza ulimnyang'anya chaneli papo hapo ukampa anayeongea, na alipofungua mdomo tena ukamtafutia chaneli nyingine. Kwa njia hiyo waya uleule ulibeba karibu mara mbili ya maongezi. Ilipotokea wote wakaongea kwa pamoja, silabi za mwanzo za mtu zilikatwa, ukasikia "...lamu alekum" badala ya salamu nzima. Lakini simu ilikwenda.

Kutoka hapo kufika intaneti ni hatua moja. Miaka ya 1960 Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza, kila mmoja kwa safari yake, walifikiria jambo lilelile: kwa nini tumpe mtu njia nzima hata kwa muda mfupi? Tuukate ujumbe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani, kipite pale kinapopata nafasi, vikutane mwisho wa safari. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA ilituma herufi za kwanza kwa kompyuta ya Stanford Research Institute. Mtambo ulizima baada ya herufi mbili, lakini zamu tupu za Baudot zilikuwa zimepata mwarobaini wake. Asiye na la kusema hakushika nafasi yoyote.

Na hapa ndipo pakazuka balaa jipya. Katika mpango huu hakuna karani wala mdundo, kila kompyuta inatuma inapotaka. Kompyuta isipopata jibu kwamba pakiti imefika, inaituma tena. Je, ikiwa pakiti haikufika kwa sababu njia imejaa? Inaongeza mzigo palepale palipojaa. Ni kama abiria aliyekosa nafasi kwenye pantoni, akarudi kijijini kuwaita ndugu zake wote waje kusukuma. Mwaka 1984 John Nagle aliandika kuonya kwamba mtandao unaweza kujinyonga kwa namna hiyo.

Oktoba 1986 ukajinyonga kweli. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majengo yaliyoachana kama mita 360 tu, mwendo wa njia ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Biti 40 ni herufi tano kwa sekunde. Karani hodari wa simu ya maandishi wa karne ya 19 alikuwa akituma herufi kama mbili kwa sekunde kwa kidole chake. Mitambo ya mamilioni ya dola, na bado ilimzidi yule mzee kidogo tu! Nyaya zilikuwa nzima, na hakuna kilichoharibika. Kila mmoja alikuwa anasukuma tu, basi hakuna aliyepita.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara ile, alilichunguza jambo hilo pamoja na Michael Karels, na mwaka 1988 akachapisha dawa yake. Hakuomba nyaya mpya. Alibadilisha tabia ya kompyuta zinazotuma. Anza polepole, usivamie njia. Kila ukipata jibu kwamba pakiti imefika, ongeza. Ukiona pakiti imepotea, usikasirike ukatuma zaidi, chukulia kwamba njia imejaa, punguza mwendo wako kwa nguvu, halafu upandishe tena kidogo kidogo. Hakuna polisi, hakuna msimamizi wa kati. Kila mmoja akipunguza mwenyewe, wote wanapita. Kanuni hizo ndizo msingi wa namna intaneti ilivyoepuka kujinyonga tangu siku ile, ingawa zimerekebishwa mara nyingi.

Mimi nasema huu ni mmoja wa mikataba mikubwa ya adabu ambayo binadamu wamewahi kuiweka, na wengi wetu hatujui kuwa tumo ndani yake. Hata hivyo adabu ina wanaoitumia vibaya. Mkataba ule unagawa nafasi kwa kila muunganisho, si kwa kila mtu. Anayefungua muunganisho mmoja hupata fungu moja. Anayefungua ishirini kwa mpigo, huondoka na mafungu ishirini, na kila fungu ukiliangalia peke yake lina adabu tele.

Kaka yangu mkubwa aliyaona hayo kwa macho yake, alipokuwa chuoni kabla ya 2009. Wakati ule mikongo ya intaneti ya baharini ilikuwa haijafika pwani ya Afrika Mashariki, na vyuo vilitegemea setilaiti, zinazokaa angani umbali wa kilomita 36,000 hivi. Ishara ikipanda na kushuka hula robo ya sekunde, na jibu robo nyingine. Bei yake si mchezo. Chuo kizima kiligawana njia ambayo leo isingetosha nyumba moja. Mchana ukurasa mmoja ulichukua dakika kadhaa kufunguka. Kumbe kulikuwa na vijana wachache waliokuwa na programu za kushushia filamu, zinazofungua miunganisho mingi kwa pamoja. Wanafunzi 200 walikuwa wanangoja makala za masomo yao, na njia imekaliwa na watu watano.

Uongozi ukachukua hatua, lakini hatua gani? Ofisi za wakubwa zikapewa njia yao maalumu, na wanafunzi wakaachiwa masalio. Ofisi zilipofungwa jioni, ile njia maalumu ilikaa tupu, kama zamu ya karani wa Baudot asiye na la kusema. Mwishowe fundi mmoja kijana ndiye aliyewaokoa. Aliweka kompyuta iliyotunza nakala, ili ukurasa ulioletwa na mmoja usisafirishwe tena angani kwa ajili ya wa pili. Akaweka kikomo kwa kila mtu badala ya kila muunganisho. Filamu akazipeleka usiku wa manane. Wala hakuongeza hata biti moja, ila wanafunzi wakasoma.

Sisi wengine huku mitaani tulikuwa na shule yetu. Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi ulizaliwa kutokana na nafasi iliyoachwa wazi. Katika mtandao wa simu kuna njia ndogo ya pembeni ya kupeana ishara, ile inayoiambia simu yako iite. Mara nyingi hukaa bila kazi. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipendekeza ujumbe wa herufi 160 upite humo, baada ya kuhesabu na kuona kuwa watu wanaweza kusema jambo la maana ndani ya kipimo hicho. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mwaka 2007 Kenya ilianzisha M-Pesa, na fedha za watu zikaanza kusafiri kwa kutumia meseji, kwenye masalio ya njia.

Na sisi tukaenda mbali zaidi, tukabipu. Mama alinifundisha mwaka 2005: ukifika salama bipu mara moja, ukitaka upigiwe bipu mara mbili. Hakuna aliyepokea, hakuna aliyelipa, na habari imefika. Kampuni hazikupenda, maana bipu nayo inashughulisha mitambo bila kuleta senti. Lakini tukumbuke vitabu vya mafumbo vya wafanyabiashara. Walichokifanya matajiri wa 1906 kwa kitabu cha kununua, mama zetu walikifanya bure. Wale waliitwa werevu, mama zetu wakaambiwa wanasumbua.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo ukaja TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, na mwaka 2010 EASSy. Tukasema sasa njia ni pana, shida imekwisha. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zikakatika siku moja, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, karibu na njia ileile waliyoipita wale wa 1879. Mitandao ya Tanzania na nchi jirani ikayumba. Mizigo yote ikakimbilia njia zilizobaki, na mafundi wakarudi kwenye swali la kale: nani apite kwanza? Mimi nilikuwa najaribu kumpigia bibi simu ya picha. Ikagoma. Nikajaribu ya sauti kwa mtandao, ikakatakata kama TASI iliyozidiwa. Mwisho nikaandika maneno machache, yakapita.

Nilipoenda kumwona wiki iliyofuata, nilimweleza habari ya mikongo iliyokatika. Akasikiliza, halafu akacheka. "Kwa hiyo nanyi mmerudi kwenye maneno matatu?" Ndipo akalifungua sanduku.

Neno la nne lilikuwa ALIKUTAJA. Mama yake, kabla hajakata roho, alimtaja. Kwa Kiswahili chetu ni neno moja tu, herufi tisa, biti 72. Bibi alikaa miaka mingi akidhani mama yake amekufa bila kumkumbuka, kwa sababu yeye ndiye aliyeondoka nyumbani bila ruhusa kwenda kuolewa. Waya wa Lindi ulikuwa na nafasi ya neno hilo. Huenda saa ileile ulikuwa kimya, ukingoja mtu wa kuutumia.

Ndiyo maana kila nikisikia wakubwa wakisema njia haitoshi, mimi huuliza kwanza inagawanywaje. Erlang ametuonyesha kuwa tukichangia inatosha zaidi, na Van Jacobson kwamba tukipishana tunapita wote. Bibi alilikunja lile karatasi kwa mistari yake ya zamani, akalirudisha chini ya kanga. Akaniambia nikamwekee vocha, anataka kumpigia shangazi, tena aongee mpaka achoke.